Chumba cha Mgonjwa Si Stoo



Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi huzungukia nyumba za wagonjwa wa parokia yetu kuwapelekea Komunyo Takatifu. Kwa sasa ni nyumba kumi na mbili, na kwa kuwa njia ni ile ile na watu ni wale wale, nimezizoea nyumba hizo kiasi cha kuingia na kutoka pasipo kuangalia. Maneno hayo ya mwisho nimeyaandika kwa makusudi, maana ndilo kosa ninalotaka kuliungama mbele yenu leo, kabla sijathubutu kusema lolote juu ya nyumba zenu.

Katika mojawapo ya nyumba hizo yumo mwalimu mstaafu, mama aliyewafundisha kusoma na kuandika wengi wenu mnaosoma maneno haya. Huu ni mwaka wa kumi na moja anaugua baridi yabisi ya viungo. Vidole vyake vimepinda, magoti hayamchukui tena, na sehemu kubwa ya siku huipitisha kitandani. Ameniruhusu kuandika habari hizi kwa masharti mawili: nisimtaje jina, na nisiwaandike wanawe vibaya. Yote mawili nitajitahidi kuyatimiza.

Miezi michache iliyopita nilifika kwake saa nne ya asubuhi, jua limekwisha kuwaka. Nikamsalimu, "Shikamoo, Mwalimu." Akajibu, "Marahaba, Padre. Mbona umekuja usiku hivi? Kuna msiba?" Mkwe wake, aliyekuwa amesimama nyuma yangu akinimulikia kwa simu, akaninong'oneza, "Ndivyo alivyo siku hizi, Padre. Anachanganyikiwa." Nikaitikia kwa kichwa, kwa sababu nilikuwa nimekwisha kuamini hivyo muda mrefu. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nimeacha hata kumwuliza kama angependa kuungama, nikidhani kwamba akili yake haiwezi tena. Nilimpa Komunyo, nikasali, nikambariki, nikaondoka. Nyumba ya saba, zimebaki tano.

Siku hiyo, kwa bahati, simu ya yule mkwe iliishiwa chaji. Taa ikazimika, nami nikajikuta nimesimama katika giza nene saa nne ya asubuhi. Nilipapasa ukuta nikitafuta dirisha. Mkono ukagusa gunia la mahindi. Juu ya gunia hilo kulikuwa na gunia jingine, na juu yake jingine. Dirisha lilikuwapo, ila lilikuwa limezibwa tangu mavuno ya mwaka juzi. Taa nyingine ilipoletwa nikaangalia kwa mara ya kwanza. Majembe kwenye kona. Baiskeli isiyo na gurudumu la mbele. Makopo ya rangi. Sakafuni, hatua moja kutoka kitandani, alama za matairi na doa la mafuta, maana ndipo inapolazwa kila usiku pikipiki ya mjukuu wake anayeendesha bodaboda, kwa kuhofia wezi, na chumba kizima kilikuwa kinanuka petroli. Mwalimu wetu alikuwa amelazwa stoo.

Hakuwa amechanganyikiwa. Hakuwa na njia ya kujua kama ni usiku au mchana.

Nataka nitende haki kwa nyumba ile. Si watu wabaya. Mwalimu hula kabla ya wengine, huogeshwa kila siku, dawa zake hazikosekani, na yule mkwe huamka alfajiri kuchemsha maji ya kumloweka mikono, kwa kuwa wenye ugonjwa huu viungo vyao hukakamaa asubuhi kwa saa nzima au zaidi kabla ya kukubali kunyooka. Ni wangapi kati yetu tungemfanyia hivyo mama mkwe kwa miaka kumi na moja? Chumba chenyewe kiliharibika polepole, bila mtu yeyote kuamua kukiharibu. Gunia la kwanza liliingizwa "kwa siku mbili tu". La pili likalifuata la kwanza. Pikipiki ikaingia baada ya ile ya jirani kuibiwa. Naye mgonjwa, ambaye tayari anajihisi kuwa mzigo, hakusema neno. Nilipomwuliza kwa nini hakusema, alinijibu, "Ningesema nini, Padre? Mahindi yenyewe ndiyo ninayokula."

Tangu siku hiyo nimezitazama upya zile nyumba nyingine kumi na moja. Sikukuta stoo nyingine kama ile. Nilikuta, hata hivyo, jambo moja lililo karibu katika kila nyumba, na ambalo kwa namna fulani linanihusu mimi mwenyewe. Ikijulikana kwamba Padre anakuja, chumba hufagiliwa, dirisha hufunguliwa, mgonjwa huvalishwa khanga mpya, meza ndogo huletwa kutoka sebuleni na kutandikwa kitambaa cheupe, huwekwa msalaba na mshumaa. Ndivyo tulivyofundishwa kuandaa mahali pa kumpokea Bwana, na ni vema sana. Lakini mara mbili nimewahi kusahau vitu vyangu na kurudi kuvichukua baada ya dakika chache, na mara zote mbili nilikuta kitambaa kimekunjwa, meza imerudishwa sebuleni, dirisha limefungwa. Chumba kilikuwa kimevikwa kwa ajili ya mgeni. Mgeni alipoondoka, kikavuliwa.

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne, tunasoma juu ya mwanamke wa Shunemu aliyemshauri mumewe kwamba wamtengenezee nabii Elisha chumba kidogo cha juu, na humo wamwekee vitu vinne: kitanda, meza, kiti na taa. Mahubiri mengi, yakiwemo yangu, huishia hapo, kwenye sifa za ukarimu kwa mtumishi wa Mungu. Tukiendelea kusoma tunaona kwamba mwanamke huyo alipata mtoto, mtoto akakua, siku moja akiwa shambani pamoja na baba yake na wavunaji, akashikwa na maumivu ya kichwa, akabebwa hadi kwa mama yake, akakaa magotini pake mpaka adhuhuri, akafa. Mama alimpeleka wapi? Alipanda naye akamlaza juu ya kile kitanda cha mtu wa Mungu, na ni juu ya kitanda hicho hicho kwamba mtoto alirudishiwa uhai. Kitanda bora kuliko vyote katika nyumba ile hakikungojea mgeni wakati mtoto wa nyumba ana shida.

Maoni yangu ni haya, nami nayasema nikijua kwamba baadhi yenu mtayaona ni mambo madogo yasiyomfaa Padre kuandika: chumba cha mtu mwenye ugonjwa wa kudumu ni sehemu ya matibabu yake, na ni sehemu ya heshima tunayompa. Kisukari, kiharusi, figo, baridi yabisi, selimundu, haya si magonjwa ya wiki mbili. Mtu huishi nayo miaka kumi, ishirini, wengine maisha yote. Mimi nakaa katika chumba hicho dakika kumi kwa mwezi. Daktari hakifiki kamwe. Yeye yumo saa ishirini na nne, na kuta zile nne ndizo dunia yake. Kama tunaweza kukipendezesha kwa ajili yangu mara moja kwa mwezi, basi uwezo tunao.

Nianze na dirisha, ingawa katika orodha ya mwanamke wa Shunemu halimo. Maandiko yanasimulia kwamba mfalme Hezekia, alipougua kiasi cha kufa, aligeuza uso wake ukutani akasali na kulia. Hezekia aligeuka mwenyewe, kwa hiari yake, kisha akapona. Wagonjwa wetu wengi hawakugeuka. Wamegeuzwa na namna kitanda kilivyowekwa. Ingieni vyumbani mwenu mkalale mahali pa mgonjwa, kichwa kwenye mto wake hasa, mtazame anachokitazama. Katika nyumba zile kumi na mbili nimejaribu kufanya hivyo katika nne, kwa ruhusa yao na kwa vicheko vingi vya wajukuu. Katika nyumba tatu kinachoonekana ni boriti, utando wa buibui na mgongo wa kabati.

Mwuguzi Mwingereza Florence Nightingale, aliyewahudumia askari katika vita vya Krimea, aliandika zaidi ya miaka 160 iliyopita kwamba mgonjwa anapaswa kuweza kuona nje akiwa amelala, pasipo kujiinua. Alilijua jambo hilo kwa pande zote mbili, maana baada ya vita hivyo yeye mwenyewe aliugua kwa miaka mingi na kufanya sehemu kubwa ya kazi zake akiwa kitandani. Mwaka 1984 mtafiti wa Marekani, Roger Ulrich, alichapisha katika jarida la Science matokeo aliyoyapata kwa kupitia kumbukumbu za hospitali moja ya Pennsylvania. Aliwalinganisha wagonjwa 23 waliopasuliwa mfuko wa nyongo na kulazwa mahali ambapo dirisha lilitazama miti, na wengine 23 wa upasuaji huo huo ambao dirisha lao lilitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti walitoka hospitalini mapema zaidi na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi. Sisemi kwamba mwembe hutibu baridi yabisi. Wale walikuwa wagonjwa wa upasuaji, na hawa wetu ni wa miaka mingi. Nasema tu kwamba wengi wetu tunao mwembe, mpapai, au angalau njia wanamopita watoto wakitoka shule, na tumemnyima mgonjwa vitu ambavyo hatukuvinunua.

Najua sababu zinazotolewa za kufunga dirisha: wezi, mbu, vumbi, upepo, na aibu ya wapita njia kumwona mgonjwa. Nondo na wavu huzuia mbili za kwanza. Pazia jepesi la khanga kuukuu, lililokatwa lifunike nusu ya chini tu, huzuia macho ya wapita njia na kuacha mwanga na anga. Wala tusisahau kwamba hewa inayopita chumbani ni kinga dhidi ya kifua kikuu, kwa mgonjwa na kwa wanaomwuguza.

Kuna jambo jingine la macho ambalo sisi Wakatoliki tunalikosea sana. Karibu kila chumba nilichoingia kina picha ya Moyo Mtakatifu au ya Mama Bikira Maria, nayo imetundikwa ukutani juu ya kichwa cha mgonjwa. Sisi tunaoingia tunaiona mara moja, tunafurahi kwamba hii ni nyumba ya waamini. Mgonjwa peke yake ndiye asiyeiona. Mtakatifu Teresa wa Mtoto Yesu, alipohamishiwa katika chumba cha wagonjwa cha watawa wenzake huko Lisieux mwezi Julai 1897, kifua kikuu kikiwa kimemwelemea, ililetwa chumbani humo ile sanamu ya Bikira Maria iliyomfariji tangu utoto wake, ikawekwa mahali ambapo angeweza kuitazama. Tarehe 30 Agosti walimtoa nje barazani pamoja na kitanda chake, na picha aliyopigwa siku hiyo ipo mpaka leo. Alifariki mwezi mmoja baadaye. Hawakumponya, na wala hawakudhani kwamba kwa kuwa hataishi muda mrefu basi haina haja ya kusogeza kitanda.

Nafika kwenye kitanda chenyewe, na hapa nina ungamo la pili. Mama yangu mzazi anaishi Njombe, ana kisukari na miguu yake imeanza kupoteza hisia. Miaka mitatu iliyopita nilimnunulia kitanda cha sita kwa sita, cha mninga, chenye nakshi, kwa fedha nilizozikusanya muda mrefu. Niliwaonyesha picha yake mapadre wenzangu. Baada ya wiki mbili dada yangu alinipigia simu akacheka mpaka akashindwa kusema: Mama alikuwa analala chini, juu ya mkeka, kando ya kitanda changu kizuri, kwa sababu kilikuwa kirefu mno, miguu yake haikufika sakafuni, akaogopa kuanguka usiku. Hakutaka kuniudhi. Fundi alikuja na msumeno akakata miguu ya kitanda kwa inchi nne, na shida ikaisha. Mgonjwa anapoketi ukingoni mwa kitanda, nyayo zake zote mbili zikae sakafuni na magoti yakunjwe vizuri. Kikiwa kirefu kikatwe, kikiwa kifupi kiinuliwe kwa matofali yaliyokaa imara. Ningeweza kulijua hilo kwa kuuliza swali moja. Sikuuliza, kwa kuwa nilikuwa namnunulia kitanda mwana mwema niliyetaka kuonekana.

Kwa asiyeweza kujigeuza, godoro ni suala la uhai. Sponji likishafanya bonde katikati, uzito wote hukaa mahali pamoja, na damu haipiti sawasawa katika ngozi iliyobanwa. Ndipo vidonda vya kitandani vinapoanza, kwenye nyonga, kiunoni, visiginoni. Wauguzi hushauri kumgeuza mgonjwa wa namna hii takribani kila baada ya saa mbili, kumwekea mto katikati ya magoti, na mwingine chini ya miguu ili visigino visiguse godoro. Mito si lazima inunuliwe. Shuka iliyokunjwa vizuri inatosha, mradi isiwe na mikunjo inayochoma. Mwalimu wetu alikuwa na taabu nyingine: uzito wa blanketi juu ya vidole vya miguu ulimfanya alie usiku. Muuguzi wa zahanati alichukua boksi la kawaida, akalikata pande mbili, akalisimamisha ndani ya kitanda upande wa miguuni, blanketi likapita juu yake. Gharama yake ni sifuri.

Juu ya baridi na joto nitasema kwa ufupi, lakini kwa msisitizo. Wenye selimundu wasiachwe wapate baridi, maana baridi ni mojawapo ya mambo yanayoweza kuamsha maumivu yao makali. Wawe na blanketi la kutosha na maji ya kunywa karibu. Hata hivyo, jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa, iwe Njombe, iwe Makete, iwe popote. Hewa yake yenye sumu haina harufu, nayo huua watu waliolala. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa ndani ya khanga yafaa zaidi, isipokuwa kwa mwenye kisukari aliyepoteza hisia miguuni, ambaye anaweza kuungua bila kujua. Huku kwetu, ambako taabu ni bati linalochoma kuanzia saa sita mchana, asiyeweza kuweka dari basi amhamishie mgonjwa barazani au chini ya mti mpaka jua lipungue. Watawa wa Lisieux waliweza.

Meza iwe upande wa mkono wenye nguvu. Juu yake yawepo maji yaliyofunikwa, kikombe anachoweza kukishika, dawa zake, rozari, simu, redio ndogo kama anaipenda. Kuweka dawa ndani ya mfuko uliotundikwa kwenye msumari mlangoni maana yake ni kwamba kila kidonge ni ombi. Naiweka hapo pia kengele. Mtu anayelazimika kupiga kelele kila anapotaka kujisaidia, baada ya muda huacha kunywa maji ili asipige kelele, na hayo nimeyasikia kwa masikio yangu kutoka kwa mzee mmoja aliyepata kiharusi. Nilimpa kengele kuukuu ya altare iliyokuwa imepasuka na kuwekwa kabatini sakristiani. Kwa siku za kwanza, naambiwa, wajukuu zake walikuwa wakipiga magoti kila anapoipiga.

Na taa, ndogo tu, ya sola, anayoweza kuiwasha mwenyewe.

Kiti ni kwa ajili yetu wageni. Mila yetu ya kumjulia hali mgonjwa ni njema, na sitaki idhoofike, ila tumeifanya kuwa mateso. Tunaketi juu ya kitanda chake, godoro linainama, kiungo kinachouma kinavutwa, naye anatabasamu kwa adabu. Tunauliza juu ya kichwa chake, "Anakula? Analala?" kana kwamba hayupo. Tunamsimulia habari za shangazi aliyekuwa na ugonjwa kama huo huo, na hatumalizi mpaka tumefika mazishini. Kiti kikiwekwa karibu, kifupi kiasi cha macho yetu kulingana na yake, mazungumzo yenyewe hubadilika. Nimeliona. Nilipoketi kwenye kiti kwa Mwalimu badala ya kusimama na kitabu mkononi, nilikaa dakika arobaini.

Mtasema: Padre, sisi ni maskini. Wengine tunalala watu watano chumba kimoja, chumba cha mgonjwa tutakitoa wapi? Nawasikia. Palipo na chumba kimoja, naomba pembe moja ya chumba hicho iwe yake: iliyo karibu na dirisha, isiyorundikwa vitu vya wengine. Ila kuhusu fedha niruhusuni niseme wazi, kwa kuwa mimi ndiye ninayeongoza mazishi yenu. Nimeona michango ya msiba ikikusanywa kwa siku mbili na kufikia mamilioni. Nimeona nyumba ikipakwa rangi usiku kucha kabla ya maiti kuletwa. Nimeona marehemu akilazwa ndani ya jeneza lililotandikwa kitambaa cha hariri na mto laini, lenye kioo, wakati nilikuwa nalijua godoro alilougulia, na lilikuwa na bonde. Ndugu hao hao, wakiombwa shilingi elfu kumi za wavu wa dirisha mwaka mmoja kabla, hawakuwa nazo. Hili halinipi amani.

Nadhani mzizi wake ni kwamba tunakihesabu chumba cha mgonjwa wa muda mrefu kuwa mahali pa kungojea kifo, na kwa hiyo kukitengeneza kunaonekana kama kupoteza. Ni mawazo yale yale yanayofanya watu waogope kuniita kwa ajili ya Mpako wa Wagonjwa mpaka mtu amekata kauli, ingawa Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulikwisha kutufundisha kwamba Sakramenti hiyo si ya wale tu waliofika mwisho wa maisha. Mwalimu amepakwa mafuta mara tatu katika miaka hii, naye bado anasahihisha makosa ya Kiswahili katika matangazo yangu ya Dominika anaposomewa.

Chumba chake kimekwisha kubadilika. Jumuiya yake ilitoa magunia siku ya Jumamosi, vijana wa VIWAWA wakapaka chokaa, WAWATA wakaleta pazia na saa ya ukutani yenye namba kubwa, kitanda kikageuzwa kielekee dirishani. Kazi yote ilimalizika kabla ya saa nane. Maumivu yake yako pale pale, na vidole havijanyooka. Aliungama wiki iliyofuata, kwa utaratibu na kwa kumbukumbu kuliko yangu, kisha akanisamehe nami niliyokuwa nimemdhania.

Tulikosana juu ya kitu kimoja tu. Tulipotaka kuitoa pikipiki, alikataa. Tukadhani anamwonea huruma mjukuu. Akatueleza kwamba kijana yule, kila anapoiingiza usiku, humsalimu na kumsimulia abiria aliowabeba siku hiyo, na kwamba kwa miaka miwili mazungumzo hayo ndiyo aliyokuwa akiyangojea tangu asubuhi. Hakuna kati yetu aliyekuwa amewaza hilo. Petroli ilikuwa ni lazima itoke, mapafu yake hayakuwa na mjadala, basi tukabishana mpaka yeye mwenyewe akapata suluhisho. Sasa pikipiki hufungwa kwa mnyororo barazani, kwenye nondo za dirisha lake, na ufunguo wa kufuli hukaa chini ya mto wake. Mjukuu hawezi kuondoka asubuhi asipoingia kuuomba, wala hawezi kulala usiku asipoingia kuurudisha.

Ijumaa ya kwanza ijayo nitafika kwake saa nne, kama kawaida. Ameniagiza nisichelewe, maana sasa anaiona saa.